Mwanafalsafa ana kazi gani hasa?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mdogo wangu kapata nafasi chuo, anasema anataka kusoma falsafa, nyumbani wote tumeshtuka. Daktari anatibu, fundi anajenga, mwanafalsafa yeye anafanya nini zaidi ya kubishana maelfu ya miaka bila kupata majibu? Nisaidieni kabla sijamkatalia. Kaka mtu.

JIBU: Nzuri kaka. Usimkatalie kwanza. Hiyo ya kusema hawapati majibu naisikia sana ila ukifuatilia utaona majibu yanapatikana, ishu ni kwamba yakishapatikana hayaitwi tena falsafa. Newton kitabu chake cha 1687 kilichoeleza nguvu ya mvutano alikiita cha falsafa ya maumbile, leo sisi tunasema hiyo ni fizikia. Saikolojia nayo ilitoka humohumo karne ya 19. Yaani watoto wakikua wanahama na majina yao, halafu mama anaambiwa hajazaa.

Chukua mantiki. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikaa akachambua hoja ipi inasimama na ipi haisimami, mwaka 1854 mwanahisabati George Boole akazigeuza kanuni za kufikiri kuwa hesabu, kweli ikawa 1 na uongo 0, halafu 1937 Claude Shannon, akiwa bado mwanafunzi, akaonyesha swichi za umeme zinaweza kufanya hesabu hiyohiyo, na ndo msingi wa hiyo simu unayosomea hapa.

Lakini kwangu mimi thamani yake kubwa haiko kwenye simu. Fikiria saa ya ukutani ilisimama jana saa nane kamili, wewe huna habari, leo unapita unaitazama inasema saa nane, na kweli muda huo ni saa nane. Umeamini, sababu unayo, na ni kweli. Je, ulijua ni saa ngapi, au umebahatisha tu? Wengi tutasema umebahatisha, sasa kujua kunataka kitu gani cha zaidi? Mwanafalsafa Edmund Gettier mwaka 1963 aliandika kurasa 3 tu juu ya tatizo la namna hii na mpaka leo watu wanahangaika nalo, na sio mchezo wa maneno huo kaka, maana hakimu anayesikiliza shahidi anakutana na swali hilohilo na mtu anaweza kufungwa kwa sababu yake.

Wapo wanafalsafa wanaojificha nyuma ya maneno magumu, hao hata mimi wananichosha. Na kuhusu ajira nisikudanganye, ukiacha kufundisha hakuna kazi nyingi zenye jina la falsafa, kwa hiyo achanganye na sheria, hesabu au kompyuta kama chuo kinaruhusu.

Ila kabla ya yote muulize ni swali gani hasa linamkosesha usingizi. Kama analo, mwache akasome. Kama kapenda jina tu la kozi, hapo kaeni muongee upya.