Menendez ni mbaya au kaonewa?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri, huku Ngamiani kwenye kibanda cha gemu tunabishana kila jioni kuhusu Raul Menendez, adui mkuu wa gemu ya vita ya Call of Duty: Black Ops II, mi nasema kaonewa, wenzangu wananiona nimechizika. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hujachizika. Dada'ake Josefina aliungua kwenye moto uliowashwa na Mmarekani aliyetaka hela ya bima, halafu 1986 kule Nikaragua guruneti la Woods, mwanajeshi wa Marekani, likammaliza Josefina, na hapo gemu inakupa umcheze Menendez mwenyewe anavyokimbia kumtafuta, yani hasira zake zinakuingia kabisa. Ila hayo machungu hayampi ruhusa ya kuteka ndege zisizo na rubani 2025 na kushambulia miji yenye watu wasiomjua hata huyo Josefina. Kaonewa, na ni muuaji vilevile, wenzako wasikulazimishe uchague moja.