Maswali ya Wasomaji: Nikeli inayoziba masizi

SWALI: Ninasoma kemia hapa Dodoma. Natengeneza hidrojeni kwa kupitisha gesi ya mtungi wa kupikia pamoja na mvuke juu ya kichocheo cha nikeli iliyobebwa na alumina (oksidi ya alumini), kwenye nyuzi 750. Mvuke kwa gesi ni 3 kwa 1. Saa 2 za mwanzo mambo huenda vizuri, lakini ikifika saa ya 6 bomba limeziba masizi. Je, niongeze nikeli?

JIBU: Usiongeze. Nikeli ikizidi, chembe zake huungana na kunenepa, na chembe nene ndizo zinazootesha nyuzinyuzi za kaboni upesi. Kosa kubwa liko kwenye hesabu ya mvuke. Ile 3 huhesabiwa kwa kila atomu ya kaboni, wala si kwa kila molekuli ya gesi. Gesi ya mtungi ni propani na butani: propani ina kaboni 3, butani 4. Hivyo kila kaboni yako inapata molekuli 1 ya mvuke au pungufu. Kwa kiasi hicho masizi hayakwepeki.

Piga hesabu kwa kaboni 4, maana mtungi ukielekea kuisha propani inakuwa imetangulia kutoka na butani ndiyo inabaki. Kumbuka pia kwamba Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni dogo, hivyo moli 1 (kipimo cha idadi ya molekuli) ya gesi kwenye nyuzi 25 huchukua karibu lita 28, si 24.5 za vitabuni. Gesi ya mililita 20 kwa dakika inataka maji gramu 9.3 kwa saa. Yawe yamekenekwa, chumvi ya maji ya kisima hugandia kichocheo.

Kuna na salfa. Ile harufu ya gesi inapovuja ni merkaptani, kampaundi yenye salfa, hutiwa makusudi kwa usalama wetu, lakini kwa nikeli ni sumu. Tanguliza tabaka la oksidi ya zinki lenye joto la nyuzi 350 hadi 400. Utatofautisha masizi na salfa hivi: masizi hupandisha shinikizo kwenye mlango wa bomba. Salfa haipandishi, utaona sehemu yenye ubaridi, pale mmenyuko unapokula joto, ikihama polepole kuelekea upande wa kutokea.

Kichocheo chenyewe kitadumu zaidi ukikitia magnesia (oksidi ya magnesi), kwa sababu inapunguza ile tabia ya asidi ya alumina inayochangia masizi. Yeyusha gramu 3.35 za nitrati ya magnesi (ile yenye maji 6) katika maji yanayotosha kujaza vitundu vya gramu 10 za alumina, yasizidi. Kausha nyuzi 110 usiku kucha, choma nyuzi 850 kwa saa 4. Kisha, kwa kila gramu 10 za kibebeo hicho, tia gramu 2.6 za nitrati ya nikeli, nayo yenye maji 6, upate nikeli 5%. Kausha, choma nyuzi 500 ukipanda nyuzi 2 kwa dakika. Moshi wa kahawia utakaotoka ni sumu: tumia kabati la moshi.

Umeme ukikatika, pampu ya maji husimama ilhali mtungi unaendelea kutoa gesi, na dakika chache za gesi bila mvuke zinatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Weka kwenye njia ya gesi vali ya umeme inayojifunga yenyewe umeme ukikatika. Unapozima kwa hiari, anza na gesi, halafu mvuke, kisha pitisha naitrojeni mapema, joto likiwa bado juu. Monoksidi ya kaboni ikibaki juu ya nikeli chini ya nyuzi 200 huzaa kabonili ya nikeli, gesi inayoua kwa kiasi kidogo sana.