Jibu: Mdogo wangu katulia, aache lithiamu?

Pole sana dada. Umeuliza kama mdogo wako mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, aache lithiamu, dawa ya kuzituliza, kwa kuwa miezi sita sasa analala vizuri. Asiache ghafla, tafadhali. Utulivu huo huenda ni kazi ya dawa yenyewe, na kuikata mara moja mara nyingi hurudisha ule msisimko wa kukesha na kutapanya pesa. Kama inamsumbua, daktari ndiye aipunguze kidogo kidogo. Apimwe damu pia: kiwango cha dawa, figo, tezi ya shingoni. Akiharisha au kukosa maji mwilini, kiwango cha lithiamu kwenye damu hupanda na huweza kumdhuru. Akitetemeka sana, kutapika au kuyumba, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo. Kaka yangu tulimchelewesha, bado inaniuma.