Reel du pendu: kisa cha mnyongwa kimekaa kwenye tyuni ya fidla

Mleta mada ameuliza mawili: je, Reel du pendu (rili ya mnyongwa), muziki wa fidla wa kuchezea dansi wa Quebec, Kanada, ilitungwa kweli na mfungwa aliyesubiri kitanzi, na mbona ukiipiga kwa tyuni ya kawaida (namna nyuzi zinavyokazwa) haitoi ule mlio wa mpiga fidla Jean Carignan? Swali la pili ndilo linalofungua la kwanza, kwa hiyo naanza na nyuzi.

Fidla ya kawaida ni G, D, A, E, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba. Kwa Reel du pendu inakuwa A, E, A, C shapu (nusu toni juu ya C). G na D zinapanda toni moja moja, A haiguswi, E inashuka nusu toni tatu. Buruta upinde bila kuweka kidole: nyuzi tupu zenyewe ni kodi (noti zinazopatana zikilia pamoja) ya A meja. Ukibana uzi mmoja, jirani yake anaendelea kuvuma. Unene wa ule mlio unatoka hapo, na wepesi wa vidole hauwezi kuziba pengo lake.

Legeza E kwanza. Uzi ukipanda toni moja, mvuto wake unaongezeka kama 26%. Ukishuka nusu toni tatu, unapungua kama 29%. Ukitangulia kukaza G na D, mzigo unazidi na daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, linaanza kuinamia upande wa shingo. Litazame kila unapomaliza uzi, ulisimamishe taratibu kwa vidole, maana likianguka nyuzi zote zinalegea. Kisha tyuni upya mara mbili tatu; nyuzi zilizokazwa hurudi chini.

Uzi wa C shapu utakuwa legevu, hivyo punguza uzito wa upinde, la sivyo unakwaruza. Hapo ndipo wengi wanapopotea: mkono unakumbuka uzi wa E. Noti ya E sasa iko pale ilipokuwa G, na D iko nusu toni tu kutoka uzi mtupu.

Sasa kisa. Wanasimulia kwamba mfungwa alipewa fidla akaambiwa akipiga kitu, ataachiwa. Hakuwahi kuishika. Akaanza kupapasa nyuzi tupu, kidogo kidogo muziki ukaja. Kwa tyuni hii kisa kinaingia akilini kabisa, kwani hata asiyejua kitu anapata sauti zinazopatana. Ndiyo maana sehemu ya kwanza ipigwe kwa kusitasita, mbwembwe zije baadaye. Ukianza na madoido, umemwua mfungwa mapema.

Kama historia, nisingemwita mfungwa huyo mtunzi. Visa vya aina hii vinasafiri: Scotland wanamtaja James Macpherson, aliyenyongwa Banff mwaka 1700, kwamba alipiga fidla chini ya mti wa kunyongea. Tyuni yenyewe ipo pia kusini mwa Marekani, kwenye muziki wa fidla uitwao Black Mountain Rag. Na rili ni mtindo wa Waskoti, ulioshamiri Quebec baada ya Ufaransa kuiachia Uingereza koloni hilo mwaka 1763.

Carignan (1916–1988), dereva wa teksi wa Montreal, alijifunza kwa mpiga fidla Joseph Allard, akasikiliza sana sahani za santuri za wapiga fidla Scott Skinner wa Scotland na Michael Coleman wa Ayalandi. Upinde wake mkali una mikono hiyo yote ndani, kwa hiyo usiuchukue kuwa ndio upigaji wa kale kabisa. Ukitaka ukale, keti kitini, anza na miguu: pigo moja refu, mawili mafupi, bila kukatika, hata pale upinde unapositasita.