Chumba cha kujikinga na tornado, kimbunga cha upepo unaozunguka kwa kasi: maswali yenu

Kaka, tuko Bowling Green, Kentucky. Fundi anataka kutugeuzia stoo iwe chumba cha kujikinga, kwa kuongeza mbao na kitasa kikubwa. Tumlipe?

Msimlipe, dada. Chumba kinachofuata mwongozo wa FEMA, idara ya maafa ya serikali ya Marekani, hujengwa kuhimili upepo wa kilomita 400 kwa saa. Na wengi hawauawi na upepo, bali na vitu unavyovirusha. Ndiyo sababu Chuo Kikuu cha Texas Tech kule Lubbock, mji uliopigwa na tornado mwaka 1970, hufyatua ubao wa karibu kilo 7 kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa kupima kuta na milango. Mlango ndio wa kuogopewa zaidi. Mwulize fundi: mlango, fremu na makomeo yake vimejaribiwa pamoja? Chumba kitafungwa kwa bolti kwenye sakafu ya zege? Akibabaika, mwacheni aende.

Sisi ni wapangaji, ghorofa ya pili.

Shukeni hadi chini kabisa, mkae kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha: bafu, korido, chini ya ngazi. Watoto wavae helmeti za baiskeli, mjifunike godoro. Mwombeni jirani wa chini ruhusa leo hii. Nawasihi pia msizime sauti ya simu mkilala: tornado ya Bowling Green ya tarehe 11 Desemba 2021 ilifika kabla ya mapambazuko.

Tunaishi kwenye trela, zile nyumba za kuhamishika, Oklahoma. Tujifungie bafuni?

Hapana, tokeni! Trela hupinduka hata ikiwa imefungwa kwa nyaya. Likitolewa tangazo la kwanza, lile la kwamba hali ya hewa inaweza kuzaa tornado, nendeni kwenye jengo imara mlilolichagua mapema. Msikimbilie chini ya daraja la barabara kuu; tarehe 3 Mei 1999 watu walikufa humo, Oklahoma hiyohiyo.

Tufungue madirisha nyumba isipasuke?

Si kweli. Mnapoteza muda wa kujificha.

Chumba tunacho. Ndani tuweke nini?

Maji, tochi, dawa, filimbi, na viatu vya kila mtu, maana nje kutakuwa na misumari na vioo. Waelezeni zimamoto wa mji kilipo chumba hicho. Kifusi kikiziba mlango, wajue pa kuchimba.