Kabla hujaishangilia methani yako, iulize imetoka wapi

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma shahada ya pili aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimegeuza hewa ya ukaa kuwa methani kwa mwanga wa jua. Nichapishe wapi?" Methani ni gesi inayowaka, yaani mafuta. Aliambatanisha picha ya grafu ya mashine inayopima gesi, ambamo kila gesi husimamisha kilele kwenye dakika yake. Kilele kimoja, chembamba, kimesimama kama mlingoti. Nilipokiona tumbo likanikata, maana kilele hicho nakijua. Nimeishi nacho miezi minane.

Wewe unayesoma hapa najua ndoto yako ni hiihii yetu: tuchukue moshi uliokwisha kutoka kwenye bomba, tuuanike juani, tupate mafuta tena. Si ndoto ya kichaa. Mwaka 1972 wanasayansi wa Japani, Fujishima na Honda, walionyesha kwamba titani dayoksaidi, madini meupe, ikipigwa na mwanga inaweza kupasua maji. Mwaka 1979 Inoue, Fujishima, Konishi na Honda wakapitisha hewa ya ukaa kwenye maji yenye unga wa aina hiyo, wakaripoti kemikali zenye kaboni: asidi ya fomiki, fomaldehaidi na methanoli. Mwanga unarusha elektroni na kuacha shimo nyuma yake. Elektroni inakwenda kwa hewa ya ukaa, shimo linayanyang'anya maji elektroni na oksijeni inatoka. Ukilisoma kitabuni unaona jambo la alasiri moja.

Sasa lifanye. Molekuli moja ya methani inadai elektroni 8. Haidrojeni iliyomo kwenye maji inadai 2 tu kugeuka gesi, kwa hiyo inaruka foleni na kukuachia mapovu yasiyo na kaboni hata chembe. Na titani dayoksaidi yenyewe haili mwanga wote. Inakula miali ya urujuanimno tu, ambayo ni kama asilimia 5 ya nishati ya jua. Mengine yote inayatazama yakipita.

Mimi niliongeza shaba kidogo kwenye unga wangu, na siku ya kwanza tu kilele kikasimama. Nilimpigia mama saa tano usiku. Hakuelewa methani ni kitu gani, alicheka kwa sababu mimi nilikuwa nacheka. Kesho yake nikarudia kwa unga uleule, kilele kikafupika. Kesho kutwa kikafupika zaidi. Badala ya kushtuka, nikaandika ukurasa mzima nikieleza jinsi kichocheo, yaani huo unga, kinavyochoka. Ukurasa mzuri kweli, bado ninao.

Miezi inayofuata naiacha, ilikuwa kuosha vioo na kusubiri mashine. Nifike kwenye semina. Mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa aliinua kalamu: "Binti, ukiondoa hewa ya ukaa ukaweka argoni, unapata nini?" Argoni ni gesi isiyo na kaboni, haiwezi kuzaa methani. Nikasema bado sijajaribu. Mtu akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, lakini hadi leo nikisikia kiti kikiburutwa ukumbini nakisikia tena. Msimamizi wangu, aliyeniambia kwa mdomo wake nisipoteze gesi kwa majaribio matupu, alikuwa ameinamia simu. Nimemsamehe. Nadhani.

Usiku ule niliweka argoni. Unga uleule, taa ileile, hewa ya ukaa hakuna. Kilele kikatokea kwenye dakika ileile.

Baadaye nikapata mtungi mdogo wa hewa ya ukaa yenye kaboni 13, ile nzito. Hesabu yake ni rahisi: kama methani inatokana na gesi uliyoweka, uzito wake utakuwa 17, ikiwa 16, kaboni imetoka kwingine. Kwenye skrini mstari wa 16 ulisimama wima. Kwenye 17 palikuwa na kijiti, kama jani la nyasi lililosahauliwa na fyekeo. Nilikuwa nimetengeneza unga wangu kwa malighafi ya titani yenye mabaki ya alkoholi, sikuuchoma vya kutosha, na vali nilikuwa nimezipaka grisi. Miezi minane nilikuwa nachoma uchafu wangu mwenyewe kwa taa ya bei mbaya. Ndiyo maana kilele kilifupika kila siku: uchafu ulikuwa unaisha.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2010 Guido Mul na wenzake walipima unga wa titani wenye shaba kwa kaboni 13, wakakuta sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi iliyotoka ilikuwa ya kaboni ya kawaida. Nilikuja kuisoma kazi hiyo baada ya kuaibika. Soma kabla ya kuaibika.

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri ni huu. Pima kwa argoni. Pima gizani. Pima bila unga. Halafu pima tena kwa argoni, kwa sababu mara ya kwanza ulikuwa unaombea matokeo. Pima na oksijeni: kila methani moja inayotokana na hewa ya ukaa na maji lazima iache molekuli mbili za oksijeni nyuma. Kama hazipo, kuna kitu kingine kinalipa deni la elektroni, na kitu hicho huwa ni uchafu. Watu wanaona haya kupima, wanaogopa kuipoteza furaha yao. Furaha gani hiyo inayoogopa mtungi wa argoni? Tumejaza majarida vilele visivyojulikana baba yao, kisha tunashangaa wenye fedha wakitukwepa.

Siku hizi mstari wangu wa 17 upo. Ni mfupi, robo ya ule wa 16 wa zamani haufiki, lakini haupungui kesho yake.

Nilimtumia kijana haya yote, kwa ukali kidogo kuliko nilivyoandika hapa. Alikaa kimya siku tatu. Jana usiku akaandika mstari mmoja: "Dada, chako kilikuwa kinafupika kwa kiasi gani kwa siku?"