Mgongo Sugu: Nitarajie Nini Nikienda Hospitali?

SWALI: Daktari, nakusalimu. Mimi ni mama wa miaka 46, muuza viazi katika soko la Kongowea. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kiuno kinaniuma kila siku, hasa asubuhi ninapoamka na jioni baada ya kuinamia magunia. Kwenye zahanati ya mtaani nimedungwa sindano mara nyingi. Napata nafuu ya siku mbili tatu, kisha maumivu hurudi. Jirani anasema ni figo, shemeji anataka nivae mkanda, na wengine wananihimiza nikope pesa nikapigwe picha ya MRI. Nimeamua kwenda hospitali kubwa, lakini naogopa kuambiwa nipasuliwe. Nitarajie nini?
Mama wa Kongowea, Mombasa

JIBU: Mama, pole sana. Maumivu ya mgongo yakipita miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu, na tiba yake si ile ya mgongo ulioteguka juzi; ndiyo sababu sindano hazikukufaa kwa muda mrefu. Kwa walio wengi, takriban wagonjwa 9 katika kila 10, hapapatikani ugonjwa mmoja maalumu ulio chanzo cha maumivu hayo. Mtu asikwambie kwamba basi unajisingizia. Maumivu ni ya kweli kabisa, ila hayaletwi na mfupa uliovunjika wala uvimbe.

Si lazima uanzie Hospitali Kuu ya Pwani. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, ukiwa na kitambulisho na umejisajili na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwani huduma za ngazi ya 2 na ya 3, yaani zahanati na vituo vya afya vya umma, hugharamiwa na serikali kwa aliyesajiliwa. Ikihitajika, watakuandikia barua ya rufaa. Nenda na majina ya dawa zote ulizotumia, sindano na miti shamba pia, hata kama unaona haya kuzitaja.

Daktari makini ataanza kwa maswali: maumivu yalianzaje, yanashuka mguuni au yanabaki kiunoni, yanakuamsha usiku, umekonda bila sababu, umewahi kuugua kifua kikuu au saratani, unakunywa maziwa mabichi? Maswali haya mawili ya mwisho yana uzito kwetu, kwa sababu kifua kikuu huweza kuingia kwenye pingili za mgongo, na bruselosi inayotokana na maziwa yasiyochemshwa huleta maumivu ya kiuno pamoja na homa. Kisha atakutaka utembee kwa visigino na kwa ncha za vidole, ulale chali akuinue mguu ulionyooka, akugonge magoti kwa kinyundo cha mpira, na akuguse nyayo kwa pamba aone kama unahisi sawasawa. Kwa dakika chache hizo hujua kama kuna neva iliyobanwa. Ukiandikiwa dawa bila hata kuguswa mgongo, una haki ya kuomba kwa heshima upimwe.

Kuhusu figo, maumivu yake kwa kawaida hukaa ubavuni chini ya mbavu, mara nyingi pamoja na homa au mabadiliko ya mkojo, wala hayazidi kwa kuinama. Kipimo cha mkojo ni rahisi na kitakutoa wasiwasi.

Usikope pesa za MRI kabla ya kupimwa. Picha hiyo huonyesha gegedu, yaani vibao laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, zilizochakaa au kutokeza hata kwa watu wasioumwa na chochote, na kadiri umri unavyosonga ndivyo zinavyoonekana zaidi. Nimeona watu wakisoma ripoti ya picha wakaacha kuinama kabisa, na hali yao ikawa mbaya kuliko walivyokuja. Picha ina faida pale daktari anaposhuku jambo mahsusi.

Tiba yenyewe, mama, kwa sehemu kubwa ni mwendo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama kukandwa, na msaada wa kisaikolojia. Haupendekezi mikanda ya kiuno wala dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama mofini. Mtaalamu wa tiba ya viungo atakufundisha mazoezi ya tumbo, nyonga na mgongo, nawe utayafanya nyumbani kila siku. Wiki za mwanzo huenda ukaumwa kidogo zaidi. Hiyo haimaanishi unajidhuru. Tarajia nafuu ya polepole, kwa miezi, na uipime kwa kazi unazoweza: kusimama sokoni mpaka adhuhuri, kufua, kulala usiku kucha. Huenda maumivu yasiishe yote. Sokoni, gawa gunia katika ndoo ndogo, na meza yako iinuliwe ifike kiunoni.

Dawa za kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni husaidia kwa siku chache mgongo unapochachamaa. Zikitumiwa miezi na miezi huchubua tumbo, hudhuru figo na hupandisha shinikizo la damu, basi pima shinikizo lako kwanza.

Upasuaji huhitajiwa na wachache, hasa wenye neva iliyobanwa na mguu unaozidi kudhoofika. Ukiambiwa upasuliwe kwa maumivu ya kiuno peke yake, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Lakini ukipata ganzi sehemu za siri au kwenye makalio, ukashindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikalegea ghafla, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu neva zikibanwa namna hiyo kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu.